Pweza, chuma cha tani 4 na dakika 5: jinsi pambano la kuchekesha linavyojengwa ndani ya gemu

Juu ya jukwaa la jumba la opera, kwenye boriti zinazobeba mapazia, amejibanza pweza wa zambarau mwenye meno makubwa. Chini yake mwanamke anaimba na ukumbi umefurika watu. Pweza amepania kumwangushia mwimbaji huyo chuma cha tani 4. Anakisukuma, hakisogei. Anatangaza kwamba ni kizito kuliko alivyofikiri, kwa hiyo kukiangusha kutamchukua dakika 5. Papo hapo saa inatokea kwenye skrini na kuanza kuhesabu kurudi nyuma.

Pweza huyo anaitwa Ultros, na gemu ni Final Fantasy VI, iliyotolewa na kampuni ya Square nchini Japani Aprili 1994 kwa konsoli ya Super Famicom. Oktoba mwaka huohuo iliuzwa Marekani kwa jina la Final Fantasy III, kwa kuwa huko baadhi ya zilizotangulia hazikuwa zimefika. Miaka zaidi ya 30 imepita na wachezaji bado wanamtaja Ultros kila wakizungumzia madubwana ya kuchekesha kwenye RPG. Wengi husema siri ni maneno yake, na kweli ana maneno. Mimi nadhani maneno ni sehemu ndogo tu. Utani wa Ultros umefungwa ndani ya mtambo wa gemu kiasi kwamba ukiung'oa, hadithi inakwama na baadhi ya sheria zinakosa sababu. Ili kuona hilo inabidi tufungue mtambo wenyewe.

Mahali pagumu pa kuchekesha

Kwa ambaye hajacheza gemu za aina hii: RPG ni gemu ya kubeba uhusika. Unaongoza kikundi cha watu katika safari inayokula saa nyingi, na kila mmoja wao ana namba zake: uhai, nguvu, kasi, ulinzi, uchawi. Mkikutana na adui, ulimwengu mnaotembea unafungwa na skrini ya mapambano inafunguka. Hapo unachagua amri kwenye orodha, iwe kupiga, kutumia uchawi au kumpa mwenzako dawa, kisha unatazama matokeo. Adui mkubwa anayekaa njiani na kukuzuia kuendelea wachezaji humwita bosi.

Final Fantasy VI hutumia mfumo uitwao Active Time Battle, uliobuniwa na Hiroyuki Ito kwa ajili ya Final Fantasy IV mwaka 1991. Kila mhusika ana mstari unaojaa kadiri sekunde zinavyopita, na ukijaa ndipo zamu yake inafika. Adui naye anahesabiwa vivyo hivyo, ila hesabu yake huioni. Ukizubaa kwenye orodha, unapigwa.

Sasa mweke mchekeshaji ndani ya mfumo huo. Mchekeshaji wa jukwaani ana uwezo mmoja unaozidi yote: anajua lini anyamaze. Anatega, anasubiri ukumbi uive, anaachia. Mwandishi wa RPG amenyang'anywa uwezo huo, kwa sababu mwendo wa pambano uko mikononi mwa mchezaji. Yupo atakayemmaliza bosi kwa dakika mbili na yupo atakayehangaika naye dakika kumi. Mmoja ataanza na moto, mwingine hatawasha moto hata mara moja. Tena yupo atakayeshindwa na kurudia pambano zima, na utani uleule atausikia upya kila anaporudia, akiwa tayari ana hasira.

Kuna tatizo lingine juu ya hilo. Pambano na bosi ni mahali pa hofu. Kikundi kikianguka, unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi ya nusu saa hana nafasi kichwani ya kucheka, labda kile kicheko chenyewe kimsaidie kushinda. Shikilia wazo hilo, maana ndilo waundaji wa gemu hii walilolifanyia kazi.

Mto Lethe

Ultros tunakutana naye mara ya kwanza kwenye Mto Lethe. Kikundi cha waasi kinalikimbia jeshi la Dola, himaya wanayoiasi, kwa chelezo kinachobebwa na mkondo mkali. Juu yake wako Terra, msichana mwenye uchawi. Edgar, mfalme wa Figaro. Sabin, pacha wake Edgar, bingwa wa kupigana kwa mikono mitupu. Na Banon, mzee anayewaongoza waasi. Banon ana uwezo wa kuwaponya wote kwa pamoja bila gharama yoyote, lakini akianguka yeye, gemu imekwisha, hata kama wengine watatu ni wazima. Kwa hiyo unashuka mto huo huku jicho moja haliondoki kwa mzee.

Hapo ndipo pweza anapoibuka, mwenye uhai wa pointi 3000, akiwazibia njia. Badala ya kunguruma anaanza kuwasemesha abiria. Terra kwake ni mlo mtamu anaoutamani waziwazi. Pweza hampendi Sabin hata kidogo. Watu wenye misuli mingi wanamkera.

Tuangalie kinachotokea nyuma ya pazia. Kila adui katika gemu hii ana maagizo yaliyoandikwa, na maagizo hayo yamegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza inamwelekeza afanye nini zamu yake ikifika. Ya pili inamwelekeza ajibu vipi akitendewa jambo: akipigwa, akirushiwa uchawi wa aina fulani, au uhai wake ukishuka chini ya kiwango fulani. Adui wa kawaida, mbwamwitu wa porini au askari wa doria, sehemu yake ya pili huwa tupu au karibu tupu. Anapigwa, anakaa kimya, anapigwa tena, anatoweka. Ultros amepewa sehemu ya pili iliyonona. Ana jibu.

Jibu lenye maana kuliko yote ni lile la moto. Terra tangu mwanzo wa gemu ana uchawi wa moto, hivyo karibu kila mchezaji atamwagiza autumie. Pweza anapoungua anapiga kelele kwamba anageuzwa supu. Msomaji aliyewahi kusimama jioni mbele ya meza ya supu ya pweza, Zanzibar au Dar es Salaam, hana haja ya kuelezwa kwa nini kiumbe huyo ana wasiwasi.

Kelele hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza inatatua lile tatizo la mwendo. Mwandishi hawezi kujua ni sekunde gani utatumia moto, na hahitaji kujua, kwa sababu kilichofyatua utani ni kitendo chako mwenyewe. Hata ukichelewa dakika tatu, jibu litakuja mara tu baada ya moto, palepale panapostahili. Pili, kelele ni taarifa. Pweza ametoboa siri yake: moto unamuumiza kuliko silaha za kawaida. Mchezaji mgeni, ambaye pengine hajasoma neno lolote kuhusu udhaifu wa maadui, amecheka na amefundishwa kwa pumzi moja, na amri yake inayofuata itakuwa moto tena. Hofu ya kumpoteza Banon haijaondolewa. Kicheko kimempa silaha ya kuikabili.

Halafu linakuja jambo ambalo wengi hulipita haraka. Pweza akishindwa anatoroka majini. Sabin, ambaye hajaridhika, anajitosa mtoni kumfuata, na mkondo unamchukua. Tangu hapo kikundi kinatawanyika na hadithi inagawanyika njia tatu, nawe unaambiwa uchague uanze na ipi. Moja kati ya njia hizo ni ya Sabin. Maji yanamtupa mbali na wenzake, anafika karibu na kambi ya Dola, na pale anashuhudia maji ya ngome ya Doma yakitiwa sumu na karibu kila aliyemo ndani akifa, wakiwemo mke na mtoto wa Cyan, shujaa atakayejiunga naye baadaye. Hiyo ni moja ya sura za giza kuliko zote katika gemu, na kilichokufikisha huko ni ugomvi wa kijinga na pweza.

Ninalirudia hili kila ninapomsikia mtu akimwita Ultros kipumziko cha kuchekesha. Kipumziko ni kitu unachoweza kukiruka. Huyu ndiye mlango.

Dakika 5 kwenye boriti

Turudi kwenye jumba la opera, kwa sababu huko ufundi umefika kileleni.

Hali iko hivi. Waasi wanahitaji meli ya angani. Mwenye meli hiyo ni Setzer, mcheza kamari, aliyetangaza kwamba atamteka Maria, nyota wa opera, wakati wa onyesho. Celes, jenerali aliyeiasi Dola, anafanana mno na Maria. Mpango ni Celes ashike nafasi ya Maria, atekwe yeye, na kwa njia hiyo waingie ndani ya meli. Celes hajawahi kuimba jukwaani. Mchezaji anasoma maneno ya wimbo kwenye chumba cha kujipambia, kisha inambidi ayakumbuke mbele ya hadhira na kuchagua mstari sahihi kila unapofika. Chipu ya sauti ya Super Famicom ina njia 8 tu za sauti na haiwezi kubeba mwimbaji wa kweli, kwa hiyo Nobuo Uematsu alitengeneza sauti ya ala inayoigiza koo la binadamu. Katika toleo jipya la Pixel Remaster la mwaka 2022, linalochezwa hata kwenye simu, sehemu hiyo imewekewa waimbaji halisi kwa lugha kadhaa. Mimi bado naipenda ile sauti ya zamani. Inajitahidi, na Celes pia anajitahidi.

Sura hiyo haina mzaha. Ni askari anayeimba kuhusu mapenzi na kuanza kuyasikia moyoni, na Locke, mtafuta hazina, anamtazama kwa macho mapya. Hapo ndipo Locke anaokota barua ya vitisho. Pweza amekuja kulipiza kisasi cha mtoni.

Sasa angalia chuma cha tani 4. Mtu anayeunda gemu ana haja tatu hapa. Anataka mchezaji akimbie, baada ya robo saa nzima ya kutazama na kusikiliza. Anataka mashujaa wafike jukwaani mbele ya hadhira. Na anataka Setzer aje amchukue Celes bila mtu kumzuia. Haja ya kwanza kwa kawaida hutatuliwa kwa saa ya kuhesabu kurudi nyuma, na gemu nyingi huiweka saa hiyo bila kujisumbua kueleza inatoka wapi: jengo litalipuka baada ya dakika kadhaa, basi, kimbia. Mchezaji anaikubali saa kama kodi. Hapa saa ina mwenyewe. Dakika 5 ni kipimo cha udhaifu wa pweza huyu mmoja, mwenye minyiri minane na bado hawezi kusukuma alichokileta mwenyewe. Kila sekunde inayoondoka kwenye skrini ni pweza anayehema huko juu. Hofu na kicheko vimebebwa na namba ileile.

Ndiyo maana naamini utani huu hauzeeki. Ukishindwa na kurudia, sentensi ya pweza hutaisikia kama mara ya kwanza, hilo halikwepeki. Lakini saa ni ileile na bado inamhusu yeye.

Njia ya kumfikia ni swichi moja, mlango mmoja, kisha boriti zenye panya. Panya hao wanaonekana wakitembea. Ukigusana na mmoja, pambano linaanza, na saa haisimami ndani ya pambano. Kwa hiyo unapenya katikati yao, unasubiri huyu ageuke, unamkwepa yule, huku onyesho likiendelea chini na muziki wake ukisikika. Panya ni maadui dhaifu kabisa. Mahali pengine popote usingewafikiria mara mbili. Hapa kila mmoja ana bei ya sekunde, na mchezaji aliyewaua mamia ya wanyama wakubwa kuliko hao anawakimbia. Hakuna aliyeandika mzaha kuhusu panya. Umezaliwa wenyewe kutokana na sheria ya saa.

Ukichelewa, chuma kinaanguka na unaanza upya. Ukiwahi, Locke na wenzake wanamvaa pweza na wote wanaporomoka hadi jukwaani, juu ya vichwa vya waigizaji wawili wa kiume waliokuwa wakipigana kwa ajili ya Maria. Waigizaji wanazimia. Meneja wa jumba la opera anashika kichwa: sasa nani atamwoa Maria? Locke anasimama na kutamka kwamba si huyu wala si yule, bali yeye, mtafuta hazina mashuhuri duniani, ndiye atakayemwokoa. Anatamka kama mtu asiyejua kuigiza, na meneja anaumia kumsikia. Pweza naye, badala ya kukimbia au kushambulia, anaingia kwenye mchezo. Anamnyamazisha Locke na kujitangaza kuwa wa ukoo wa kifalme wa pweza, asiyeweza kushindwa na mtu wa hali ya chini. Meneja anawaza kidogo, anaona labda itafaa, na anaagiza muziki upigwe.

Kisha okestra inapiga. Mabosi wengi katika gemu hii hupigiwa muziki uleule wa mapambano, ule wa kushtua. Pambano hili halina huo. Linapigwa kwa sehemu ya mwisho ya opera yenyewe, iliyotungwa pamoja na zile nyingine alizoimba Celes. Kwa maneno mengine, gemu imelikubali pambano kuwa tamati halali ya onyesho. Pweza aliyekuja kuiharibu opera ndiye anayeikamilisha, na hadhira ya ukumbini inaridhika kwamba imeona walicholipia.

Namba nazo zinasimulia. Mtoni Ultros alikuwa na uhai wa pointi 3000. Kwenye opera ana 2550, ingawa kikundi chako kimekua na kina silaha bora. Kwa kanuni za RPG hilo ni kinyume: adui anayerudi hurudi na nguvu zaidi. Sina shaka kwamba kupunguza huku kunalitumikia jukwaa. Tamati ya opera haivumilii dakika ishirini za kujitibu na kupekua mifuko ya dawa. Inatakiwa ipae na ifike mwisho wakati muziki bado ni mpya masikioni. Akija mara ya tatu, mapangoni, ambako hakuna hadhira wala okestra, uhai wake umepanda hadi 22000.

Baada ya ushindi makofi yanalipuka, na katikati ya shangwe Setzer anashuka na kumnyakua Celes kama alivyoahidi. Haja zote tatu zimetimia, na fundi aliyezitimiza ni pweza mmoja na kitu kizito.

Vichekesho viwili vya aina mbili

Gemu hii ina mtu mwingine anayecheka. Ni Kefka, mtumishi mkuu wa Dola, aliyevaa kama mchekeshaji wa mfalme, na kicheko chake kimepewa sauti ya pekee. Mapema katika gemu anapita jangwani akilalamika kuhusu mchanga kwenye viatu vyake na kuwaamuru askari waupanguse. Mchezaji anacheka. Usiku huohuo anaichoma ngome ya Figaro. Baadaye ndiye anayetia sumu maji ya Doma, na katikati ya gemu ulimwengu mzima unavunjika kwa mkono wake. Celes, yuleyule aliyeimba, anazinduka kwenye kisiwa kilicho karibu kitupu baada ya mwaka mzima, karibu asione sababu ya kuendelea.

Kama gemu ingekuwa na Kefka peke yake, mchezaji angejifunza kwamba kila kicheko ni mtego, na angeacha kucheka. Ultros anazuia hilo. Yeye pia ni mwovu kwa nia: anataka kula watu, kulipiza kisasi, kuua mwimbaji. Tofauti iko kwenye matokeo. Kefka akitania, kuna anayekufa. Ultros akipanga kuua, kuna anayeokoka, na njia mpya inafunguka. Kadiri hadithi inavyozidi kuwa nzito unaanza kumngoja pweza, kwa sababu akitokea una hakika kwamba kwa dakika chache zijazo hakuna atakayepotea.

Mwisho wa pambano bila ushindi

Mkutano wa tatu, ule wa mapangoni, una jambo la kiufundi ninalolithamini kuliko utani wowote wa maneno. Pambano likiwa limeendelea kwa muda anajitokeza Relm, msichana mdogo mchoraji, na kuomba amchore pweza. Sasa una amri mpya kwenye orodha: chora. Katika mapambano mengine amri hiyo humwiga adui na kutumia shambulizi lake dhidi yake. Ukiitumia hapa, Ultros anajiona alivyo, anavunjika moyo, na pambano linakwisha. Pointi zote za uhai zilizobaki kati ya zile 22000 hazina maana tena. Unaweza pia kuendelea kumpiga mpaka mwisho, gemu haikukatazi, lakini imekuwekea njia ya kumshinda kwa aibu.

Hapa utani umefikia kiwango ambacho maneno peke yake hayawezi. Namba za uhai ndizo sheria kuu ya kila pambano la RPG, na mara hii zimewekwa pembeni kwa njia iliyomo ndani ya sheria, kwa amri halali ya mhusika halali. Mchezaji hakuangalia kichekesho. Amekitenda.

Mara ya nne ni juu ya meli ya angani, na Ultros amechoka kushindwa peke yake. Ameleta rafiki, Typhon, dubwana lisilo na maneno mengi. Kazi ya Typhon ni moja: anavuta pumzi na kuipuliza kwa pua, na kikundi chako kizima kinapeperushwa nje ya meli. Hamjashinda wala hamjafa. Mnaanguka angani, mnapambana na mtambo wa vita wa Dola mkiwa bado mnaanguka, kisha mnatua kwenye kisiwa kinachoelea, palepale mlipokuwa mnataka kwenda. Kama ilivyokuwa mtoni na kwenye opera, dubwana la mzaha limefanya kazi ya usafiri.

Haya yote yamefanywa na vifaa vichache mno. Kadi ya gemu ilikuwa na megabaiti 3 kwa kila kitu: ulimwengu, muziki, maneno, picha. Mhusika anayetembea ni kijipicha cha pikseli 16 kwa 24, na uso wake ni nukta chache. Hakuna sauti ya kuongea wala macho yanayokonyeza. Waundaji walikuwa na mkao wa kuinamisha kichwa, wa kuinua mikono, wa kutikisa kidole, wa kugeuka ghafla. Fedheha ya meneja wa opera na majivuno ya Locke vimejengwa kwa hayo tu, pamoja na muda. Mtu anageuka, anakaa sekunde moja bila kusogea, ndipo maneno yanatokea. Nje ya mapambano mwandishi amerudishiwa haki ya kunyamaza, na ameitumia vizuri.

Katika nusu ya pili ya gemu, ulimwengu ukiwa magofu, kuna ukumbi wa mapambano ambako mtu huweka kitu chake rehani, anapigana, na akishinda anapewa kingine. Anayepokea wageni mlangoni ni Ultros. Ana madeni na anayalipa kwa kazi ya mapokezi. Hamna pambano naye tena. Ila ukiweka rehani kitu kisicho na thamani, mpinzani unayepangiwa ni Typhon. Anapuliza, unatupwa nje, na kitu chako kimekwenda. Ukumbi haukuwa na haja ya kuandika tangazo la kukataa vitu duni.